Kiputo Kilichowahadaa Wanunuzi

Mwanzoni mwa Septemba 2019 polisi wa kaunti ya Kenosha, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, waliingia kwenye nyumba moja ya kupanga katika mtaa wa watu wa kawaida, wakakuta kiwanda. Hakikuwa na bango wala mashine za kunguruma. Kilikuwa na mitungi ya kioo iliyojaa mafuta ya rangi ya asali, mabomba ya sindano, na katriji za sigara za kielektroniki zaidi ya 30,000 zilizokwisha kujazwa mafuta ya bangi. Vibarua walikuwa wakilipwa senti 30 kwa kila katriji waliyoijaza kwa mkono. Vifungashio vyenyewe vilikuwa vya kuvutia, vyenye rangi, nembo na maandishi ya kitaalamu. Viliagizwa mtandaoni na vilifika vikiwa vitupu.

Aliyeshika katriji hiyo mkononi hakuwa na namna ya kujua kwamba imejazwa na kibarua sebuleni. Alichokiona ni boksi safi, na boksi safi humtuliza mtu.

Sisimulii kisa hiki ili mtu ajifunze kununua bangi. Asiyetumia na asianze, na kwa wengi wetu tunaoishi ugenini zipo sababu nzito za kukaa nayo mbali, nitazieleza huko mbele. Lakini ndugu zetu wako Minneapolis, Columbus, Toronto na Berlin. Katika baadhi ya miji hiyo bangi inauzwa dukani kama inavyouzwa bia, na sheria zake hubadilika mtu akivuka mpaka wa jimbo. Kijana aliyefika juzi, au mzazi aliyekuja kuwasalimia wajukuu akaambiwa kuna mafuta yanayotuliza magoti, anadhani kila duka lenye taa na kaunta limepewa ruhusa. Nami ningedhani hivyo. Sote tumekua tukiamini kwamba mtu anayeuza mchana kweupe, mlango wazi, hana cha kuficha.

Katika miezi ya joto ya mwaka uleule wa 2019 madaktari wa Wisconsin na Illinois walianza kupokea vijana wasioweza kuvuta pumzi. Walikuwa na kikohozi, kifua kinachobana, homa, wengine wakitapika na kuharisha. Baadhi walidhaniwa kuwa na nimonia, wakapewa antibiotiki, wakarudi nyumbani, wakazidiwa. Picha zilionyesha mapafu yamejaa ukungu pande zote mbili. Waliokuwa na hali mbaya zaidi walipumuliwa na mashine. Kufikia Februari 18, 2020, CDC, taasisi ya taifa ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikuwa imehesabu nchi nzima watu 2,807 waliolazwa au waliofariki, na vifo vilikuwa 68. Umri wa katikati wa wagonjwa ulikuwa miaka 24.

Kati ya wagonjwa ambao maelezo yao yalipatikana, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wamevuta bidhaa zenye THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha. Walipoulizwa wamezitoa wapi, asilimia 78 walitaja rafiki, ndugu, muuzaji wa mtaani au wa mtandaoni, basi. Asilimia 16 walitaja duka tu. Huko Illinois na Wisconsin theluthi mbili ya wagonjwa waliohojiwa walitaja jina moja la bidhaa, Dank Vapes. Wachunguzi walipolifuatilia hawakumkuta mwenye kiwanda nyuma yake. Ni jina lililochapwa kwenye maboksi, na yeyote mwenye kadi ya benki aliweza kuyaagiza, akaweka ndani chochote alichotaka.

Sasa nifike kwenye kiputo.

Wanunuzi wa katriji hizi hawakuwa wajinga. Walikuwa na kipimo chao. Mafuta halisi ya bangi ni mazito, yaliyochakachuliwa ni mepesi, kwa hiyo mnunuzi aliipindua katriji kichwa chini, akatazama kiputo cha hewa kilichomo ndani. Kikipanda polepole kama kinachokokota mguu, mafuta ni mazuri. Kikikimbia, mafuta yametiwa maji. Kipimo hiki kilifundishwa baina ya marafiki, kwa nia njema kabisa, na kwa muda kilisaidia.

Wauzaji nao walikijua. Mwishoni mwa 2018 soko la siri liliingiwa na vizito vipya visivyo na rangi, harufu wala ladha, na kimojawapo kilikuwa asetati ya vitamini E. Ni kitu kinachotumika kwenye losheni za ngozi na vidonge vya vitamini, na huko hakina taabu. Ni rahisi, kinajichanganya na mafuta ya bangi bila kuonekana, na hata ukikiweka kwa wingi kiputo bado kinapanda polepole. Kipimo cha mnunuzi kikawa ndicho kinachompitisha tapeli. Septemba 2019 maabara ya jimbo la New York ilikikuta kwa kiwango kikubwa katika karibu sampuli zote za bangi ilizozichunguza kutoka kwa wagonjwa. Baadaye CDC ilipima maji yaliyotolewa kwenye mapafu ya wagonjwa 51 wa majimbo 16, ikakikuta kwa 48. Kwa watu 99 wenye afya waliopimwa kwa kulinganisha, hakikupatikana kwa hata mmoja.

Watu hawa walipima, na bado wakadhurika, kwa sababu walipima kitu ambacho muuzaji anaweza kukibadilisha. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike, awe ananunua chochote. Uzito wa mafuta uko mikononi mwa muuzaji. Boksi liko mikononi mwake, na vilevile taa, kaunta, harufu ya duka, ulimi wake mtamu na hata karatasi iliyowekwa fremu ukutani. Ushahidi unaofaa ni ule asioweza kuugusa.

Wakenya wanalijua jambo hili kupitia maduka ya dawa. Duka lililosajiliwa hubandika namba, na mteja huituma kwa ujumbe mfupi ili apate jibu kutoka kwa bodi ya dawa yenyewe. Mwenye duka anaweza kuwa mcheshi kiasi gani, lakini si yeye anayejibu ule ujumbe.

Turudi Wisconsin. Dalili za hatari zilikuwepo, nyingine zikiwa wazi kama mchana. Ya kwanza ilikuwa mahali penyewe. Wisconsin haikuwa na duka hata moja halali la bangi, na jirani yake Illinois ingeanza kuwauzia watu wazima kwa starehe Januari 2020. Mtu aliyeshika katriji yenye boksi linalotamba kwamba mafuta yamepimwa maabara alipaswa kujiuliza ni maabara ipi, kwa amri ya nani, ikiwa jimbo lake halijaruhusu hata kuuzwa? Swali hilo halihitaji shahada. Linahitaji dakika moja ya utulivu, na ni nadra mtu kuipata dakika hiyo wenzake wakiwa wanamsubiri ndani ya gari.

Ya pili ilikuwa lile jina kubwa lisilo na mwenyewe. Kampuni ya kweli ina anwani, ina namba ya leseni, ina mtu wa kupokea malalamiko. Jina hili halikuwa na lolote kati ya hayo, na maboksi yake matupu yalikuwa yakiuzwa hadharani mtandaoni kwa yeyote. Aliyetafuta angeyaona. Wachache walitafuta, kwa kuwa kitu kilichozoeleka hakitiliwi shaka, na jina hili lilikuwa limezoeleka mno.

Bei nayo ilisema. Katriji halali hubeba gharama ya kupimwa, ya leseni na ya kodi, na hiyo ya kichochoroni haibebi chochote kati ya hivyo. Tofauti ilikuwa kubwa, lakini tuseme ukweli, ni nani kati yetu anayeiona bei nafuu kuwa onyo? Huwa tunaiita bahati.

Halafu kulikuwa na mwili wenyewe. Ugonjwa haukuwapiga kwa usiku mmoja. Ulijijenga kwa siku, kwa wengine kwa majuma, na wapo walioendelea kuvuta huku wakikohoa. Na walipofika hospitali baadhi yao hawakumwambia daktari wamevuta nini, kwa kuogopa wazazi au polisi. Daktari asiyejua hutibu nimonia.

Nikijipima mwenyewe, sioni ningekuwa mwerevu kuliko vijana wale. Rafiki ninayemwamini akiniambia kitu ni safi na hata yeye anakitumia, sina desturi ya kumuuliza yeye kaambiwa na nani. Imani yetu hupita kutoka mkono hadi mkono, na kwenye njia hiyohiyo hupita sumu.

Mtu anaweza kusema haya ni ya vichochoroni, yeye anakwenda dukani. Sasa sikiliza ya dukani. Desemba 2019 maofisa wa California waliingia kwenye maduka 24 ya Los Angeles yasiyokuwa na leseni, wakakamata karibu sigara za bangi za kielektroniki 10,000. Sampuli zilipopimwa, robo tatu zilikuwa na viongezeo ambavyo havikutajwa kwenye kifungashio, vikiwemo asetati ya vitamini E, na karibu zote zilidanganya kiasi cha THC kilichomo. Wakati huo uuzaji halali kwa watu wazima ulikuwa umeanza California tangu Januari 1, 2018. Mteja alikuwa na mahali pengine pa kwenda, ila hakujua kutofautisha. Wala isingekuwa rahisi, maana mwaka uleule chama cha wafanyabiashara wenye leseni kilipitia orodha za mtandaoni kikahesabu wauzaji 2,835 wasio na leseni, dhidi ya 873 walionayo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kimeacha kutembea, kimepanga fremu barabarani.

New York ilikuja na somo lake. Sheria ya kuruhusu bangi kwa watu wazima ilitiwa saini Machi 31, 2021, lakini duka la kwanza lenye leseni ya kuwauzia lilifunguliwa Manhattan Desemba 29, 2022. Kwa miezi 21 katikati hapo, sheria ilikuwepo na maduka ya starehe yenye leseni jijini hayakuwepo. Watu walisikia redioni kwamba bangi imeruhusiwa, wakashuka chini ya ghorofa, wakakuta duka jipya lenye taa za kijani na jani limechorwa kioo kizima. Wangesita kwa nini? Kumbe kilichoruhusiwa ni kumiliki kiasi fulani, na kuuza kulisubiri leseni ambazo zilikuwa bado hazijatoka. Baadhi ya wauzaji walijitungia ujanja. Unanunua kibandiko kwa bei ya ajabu, bangi unapewa kama zawadi, au unalipa ada ya uanachama. Mfanyabiashara anayehitaji hadithi ndefu kueleza kwa nini anachokiuza hakiuzi, msikilize hadi mwisho kisha uondoke.

Maduka hayo yalizidi yale halali kwa mbali, na mengi yalikuwa yamening'iniza karatasi ukutani. Zilikuwa karatasi za kweli, ila mara nyingi zilikuwa za kuuza tumbaku au za kukusanya kodi ya mauzo. Mgeni aliona mhuri wa jimbo akaridhika. Mwishoni mwa 2022 kundi la wazalishaji wa bangi ya matibabu lilinunua bidhaa kwenye maduka 20 hivi ya aina hiyo na kuzipeleka maabara, na takriban asilimia 40 zilishindwa angalau kipimo kimoja. Palikutwa bakteria wa kinyesi, salmonela na metali nzito. Waliotoa ripoti walikuwa washindani wa maduka hayo, kwa hiyo tuyapokee maneno yao tukilijua hilo. Lakini vijidudu havina ushindani wa biashara. Mei 2024 jiji lilianza kuyafunga maduka hayo kwa makufuli, na kabla mwaka haujaisha zaidi ya 1,000 yalikuwa yamefungwa.

Dalili za New York zilikuwa nyingi, na aliyezijua aliziona hata bila kuingia ndani. Vifungashio vilifanana na vya peremende na vibanzi vya watoto, hali sheria ya jimbo inakataza kifungashio kinachowavuta watoto. Paketi za peremende ziliandikwa miligramu 500 au 600 za THC, hali jimbo linaruhusu miligramu 10 kwa kipande na 100 kwa paketi nzima. Zilipangwa rafuni bidhaa zenye alama ya pembetatu ya California, na kwa wengi hiyo ilionekana kama sifa, kwamba mali imetoka kwa wataalamu. Kwa kweli ilikuwa ushahidi dhidi ya muuzaji, kwa sababu sheria ya shirikisho hairuhusu bangi kuvuka mpaka wa jimbo hata kama majimbo yote mawili yameiruhusu. Bidhaa ya California iliyoko New York ama imetoroshwa ama ni bandia. Zaidi ya yote, hakuna aliyekuuliza kitambulisho. Duka halali la New York halimuuzii aliye chini ya miaka 21, na linajua kwamba kosa moja linaweza kulipotezea leseni. Asiye na leseni hana cha kupoteza, ndiyo maana anamhudumia mtoto wa miaka 16 akitabasamu.

Na kodi, kitu tusichokipenda. New York hutoza asilimia 13 kwa bangi, 9 za jimbo na 4 za eneo. Risiti isiyoionyesha kodi hiyo inakueleza jambo.

Basi mtu athibitishe vipi? Anza na orodha ya mamlaka yenyewe. New York wanayo ofisi ya usimamizi wa bangi ambayo huorodhesha kila duka lililoruhusiwa, na hulipatia kibandiko chenye msimbo wa QR cha kuwekwa karibu na mlango. California inayo idara yake, na duka hutakiwa kuweka msimbo wa namna hiyo mahali unapoonekana. Lakini kibandiko nacho huchapishwa na yeyote, kwa hiyo usikiamini kwa kukitazama. Kisome kwa simu, kisha tazama kimekupeleka wapi. Anwani ya mtandao ya serikali ya Marekani huishia na gov. Ikikupeleka kwenye ukurasa mzuri wenye jina la duka, uko palepale kwenye maneno ya muuzaji. Njia iliyo salama zaidi ni kuacha kibandiko kando, ukafungua mwenyewe ukurasa wa mamlaka na kulitafuta duka.

Ukilipata, soma vizuri. Leseni hutolewa kwa jengo fulani, na mtu haibebi popote aendapo. Anwani iliyoandikwa iwe ya mahali uliposimama, namba ya mtaa na yote. Kisha angalia hali yake, maana leseni iliyosimamishwa au kufutwa bado inaweza kubaki kwenye orodha, na jina la duka lililofutiwa leseni linang'aa mlangoni sawasawa na zamani. Kwa wanaoletewa nyumbani, California inamtaka mpelekaji awe na nakala ya leseni na kitambulisho cha kazi. Anayekuambia mkutane kwenye maegesho ya gari hana vyote viwili.

Leseni haimaanishi kwamba mali ni salama kabisa, na sitaki msomaji aondoke na wazo hilo. Kumbuka wale wagonjwa asilimia 16 waliotaja duka tu. Juni 2024 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha uchunguzi wa bidhaa halali 42 zilizonunuliwa madukani California. Bidhaa 25 zilikuwa na viuatilifu vilivyozidi kiwango cha jimbo au kile cha shirikisho kwa tumbaku. Maabara nazo huweza kupindishwa na pesa. Ila penye leseni kuna mtu anayejulikana, kuna namba ya toleo, bidhaa inaweza kurudishwa na mhusika akaulizwa. Kwenye ile nyumba ya Kenosha ungemrudishia nani?

Sasa zile sababu nzito nilizoahidi. Kwa mtu anayeishi Marekani bila uraia, duka lenye leseni na lisilo na leseni yanaweza kumfikisha kwenye shimo lilelile. Sheria ya jimbo inaruhusu, sheria ya shirikisho haijaruhusu, na makaratasi yetu ya uhamiaji yanashughulikiwa na serikali ya shirikisho. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba matumizi ya bangi yanaweza kumnyima mwombaji uraia kwa kigezo cha tabia njema, hata kama yalifanyika katika jimbo lililoyahalalisha. Jambo hilo halihitaji hukumu ya mahakama, kukiri tu mbele ya afisa kunaweza kutosha. Hata kuajiriwa kwenye duka halali, kufagia na kupanga mali, kunaweza kuhesabiwa. Ndugu aliyesubiri miaka kambini Nyarugusu au Kakuma asiyaweke rehani makaratasi yake kwa kazi ya kaunta. Na ambaye jambo limekwisha kumfika amwone wakili wa uhamiaji kabla hajajaza fomu.

Madereva wa malori, na wako wengi miongoni mwetu, sikilizeni pia. Wizara ya uchukuzi ya Marekani haitambui ruhusa ya jimbo wala cheti cha daktari. Kipimo kikionyesha bangi, unateremka kwenye usukani, na tangu Januari 2020 matokeo huingia kwenye daftari la taifa ambalo kila mwajiri hulitazama kabla ya kukuajiri. Wako wanaonunua mafuta na peremende kwenye vituo vya petroli, wakiambiwa kwamba hiyo si bangi, ni ule mmea wake wenye THC isiyozidi asilimia 0.3 uliohalalishwa na sheria ya kilimo ya 2018. Vitu hivyo mara nyingi havikupita kwenye leseni ya bangi wala vipimo vyake. Wizara imekwisha kusema wazi kwamba kujitetea kuwa ulitumia mafuta ya namna hiyo hakutabatilisha kipimo kilichoshika.

Kuna mahali ambapo swali la leseni ni fupi sana. Ujerumani iliruhusu bangi kwa watu wazima Aprili 1, 2024. Unaweza kutembea na gramu 25, kuotesha mimea mitatu nyumbani, na tangu Julai mwaka huo kujiunga na chama cha wakulima wanaogawana mavuno. Duka la kuuza halikuwekwa kwenye sheria hiyo, kwa hiyo anayekuuzia dukani Berlin bangi ya kulewesha hana leseni, kwa sababu leseni ya namna hiyo haipo. Quebec maduka yote ni ya serikali ya jimbo, na bangi halali kote Kanada huwa na stempu ya ushuru ya jimbo husika. Kenya na Tanzania bangi ni kosa la jinai, hakuna duka la kuthibitisha, na paketi iliyosahaulika kwenye begi la anayerudi likizo haitetewi na risiti ya Toronto.

Nimalizie na watoto, maana wao hawakuchagua duka. Utafiti wa vituo vya sumu vya Marekani ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka sita waliokula vyakula vyenye bangi walikuwa 207 mwaka 2017 na 3,054 mwaka 2021, wengi wao wakivikuta nyumbani. Peremende ya duka bubu, iliyofungwa kama peremende ya kweli na yenye miligramu zisizoaminika, ikibaki juu ya meza ya mgeni wenu, mtoto ataila yote. Mtoto akianza kulegea, kuyumba, au kusinzia kwa namna isiyoeleweka, msijadili aibu ya nyumba. Asipoamka au akipumua kwa shida, piga 911. Vinginevyo piga 1-800-222-1222, namba ya bure ya vituo vya sumu inayopokelewa saa 24 nchini Marekani, na ukishindwa Kiingereza taja neno "Swahili" upewe mkalimani. Paketi usiitupe hata kama imebaki tupu. Mpelekee daktari, na umwambie bila kuficha imenunuliwa wapi.